Mlango wa Seli na Chupa ya Bia

Wenzangu wa kituo, mlinibana siku ya kuniaga, mkiwa bado mnatafuna keki, mkasema: Mama Giramiya, utuandikie yale ya miaka yako. Niliitikia haraka kwa sababu nilitaka kutoroka kabla hotuba ya pili haijaanza. Sasa niko nyumbani, mtaa wa Mudzipela, karatasi ziko mbele yangu, na kila pikipiki inayopunguza mwendo karibu na lango langu nadhani imetumwa kuniita. Haikutumwa. Imemletea jirani makaa. Ukurasa huu nimeuandika kwa kuinuka mara nyingi, kwa hiyo mkikuta wazo limekatika katikati, jueni nilikwenda kuchungulia barabara.

Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo mtayapata kwa wanaopenda kuyasema, na si wachache. Mimi nitaandika juu ya kitu ambacho sikuwahi kukiona sawasawa kwa macho yangu, ingawa nimekitumikia tangu usichana: utando wa seli. Ninyi mliusoma kwa Kifaransa, mkapata alama nzuri, kisha mkauacha kwenye chumba cha mtihani. Nawajua. Lakini kila serumu ya mshipani mnayotundika na kila kijiko cha dawa mnachonywesha, mwisho wa safari yake ni mbele ya utando huo, na ni wenyewe unaoamua kipite au kisipite.

Aliyenifundisha kuuheshimu ni mwalimu wetu wa shule ya wauguzi, Ucircan, Mualur mwenzangu kutoka upande wa Mahagi, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Shule ilikuwa na darubini moja yenye kioo kilichoingia ukungu, na kila tulichotazama ndani yake kilikuwa uji. Siku ya somo la seli alichoka na kelele zetu akatutoa uani. Akatupanga mistari miwili, mgongo kwa mgongo, nyuso zikitazama nje.

"Nyuso zenu zinapenda maji," akasema. "Migongo ni mafuta, inaogopa maji. Ndiyo maana mumeificha katikati. Sasa musimame, lakini musikauke kama askari. Muteleze."

Tukaanza kusogea kulia na kushoto bila kuvunja mistari, tukicheka na kukanyagana. Akatuacha tucheke mpaka tukachoka, kisha akasema huo ndio utando wenyewe: tabaka mbili za mafuta, nyembamba kupita akili, na si ukuta wa matofali. Unateleza, unajikunja, ukitobolewa kidogo unajiziba. Akamwita msichana mwembamba kuliko wote, akamwamuru apenye. Akapenya katikati yetu bila kuomba njia. Huyo alikuwa hewa ya oksijeni. Akaniita mimi, na kwa kuwa nilikuwa na mwili wa kutosha, akanipa kazi ya sukari. Nilisukuma, nikarudishwa. Akamwita rafiki yangu Jeanne awe chumvi. Naye akarudishwa.

Halafu akawaweka wavulana wawili katikati ya mstari, wakashikana mikono, akasema hao ni protini, mlango wa utumbo, na masharti yao ni haya: chumvi akija peke yake, wasifungue, sukari akija peke yake, wasifungue, wakija wameshikana mkono, wafungue. Mimi na Jeanne tukashikana, mlango ukafunguka, tukaingia. Papo hapo akawageukia wanafunzi wote waliobaki. "Ninyi ni maji. Munangojea nini? Muwafuate." Wakatumiminikia, uani pakawa vurugu tupu. Akapaza sauti juu ya vurugu ile kwamba maji hayana akili ya kwao. Chumvi ilipo nyingi ndipo yanapokwenda, yakute mtu anapona au anakufa.

Mvulana mmoja alipewa kazi ya pampu: kumkamata Jeanne kila anapoingia na kumtupa nje upande wa pili, bila kusimama. Baada ya muda jasho likamtoka, akauliza atapumzika saa ngapi. Ucircan akamjibu, "Ukipumzika weye, mutu anakufa." Nimelikumbuka jibu hilo katika wiki zangu zote za zamu, na sikulipenda hata mara moja.

Kazi ya kwanza niliipata huko Kilo, katika zahanati ndogo iliyohudumia wachimbaji wa dhahabu na wakulima. Siku ya kwanza nilifika na viatu vyeupe. Tope la Kilo ni jekundu na lina wivu. Jioni viatu vilikuwa vimekwisha kazi. Mkuu wa zahanati, Baba Ngabu, alivitazama, akaniazima mabuti ya mpira yaliyonipita miguu yote miwili. Nilitembea nayo mwezi mzima nikiburuta kama bata.

Baba Ngabu alikuwa na desturi moja iliyonichosha. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kutundika chupa peke yake. Uliiinua kwenye mwanga wa dirisha, ukasoma karatasi yake kwa sauti, na mwenzako alipaswa kuisoma tena kwa sauti, hata kama mwenzako huyo alikuwa katikati ya kula. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Siku moja alikuja mchimbaji aliyeangukiwa na udongo, amepoteza damu, na mwenzetu mgeni akanyakua chupa kwenye rafu. Baba Ngabu akamshika kifundo cha mkono. "Soma." Akasoma: maji safi ya kuchanganyia dawa. Hayakuwa serumu ya chumvi. Chupa zilikuwa mapacha, na maji ya zote mbili hayana rangi.

Mchimbaji alipotulia, Baba Ngabu alituita mezani. Alikuwa na mirija miwili ya kioo, mmoja una serumu ya chumvi, mwingine una yale maji matupu. Akadondosha damu kidogo katika kila mmoja, akaweka ukurasa wa gazeti nyuma yake. Kwenye serumu hatukuona hata herufi moja; damu ilikuwa nzito, ina ukungu, chembe zake zote nzima. Kwenye maji matupu, rangi ilikuwa nyekundu lakini angavu, na gazeti lilisomeka kutoka mwanzo hadi mwisho. Chembe zilikuwa zimekunywa maji zikapasuka zote. "Hii ndjo mulitaka kutia mu mushipa ya baba wa watu," akasema, akaenda kunawa. Tangu siku ile nilisoma karatasi kwa sauti hata nilipokuwa peke yangu, na watu wa nyumbani kwangu wanaweza kuwaambia kwamba mpaka leo nasoma chupa ya mafuta ya kupikia kabla ya kuimimina.

Kilo nilijifunza pia juu ya zebaki, ambayo wachimbaji waliichoma ili kutenga dhahabu, kwenye sufuria za nyumbani, karibu na ugali. Mvuke wake ukivutwa hauhitaji mlango wala ufunguo. Unapita kwenye mafuta ya utando moja kwa moja, unafika kichwani. Niliwaeleza, wakanisikiliza kwa adabu, wakaenda kuchoma. Mikono ya baadhi yao ilitetemeka hata kushika kikombe. Hilo linaniuma bado, na sina la kuwafundisha juu yake zaidi ya kwamba niliwaeleza tena.

Nililetwa Bunia, kwenye kituo chetu cha Shari, wakati mji ulikuwa unajaa. Watu walikuwa wanakimbia vita kule Djugu na magodoro kichwani, na kambi zilichipuka pembezoni kabla hatujajua majina yake. Katika miaka yangu ya mwisho, wengi wenu mkiwa mmeshaingia kazini, kuhara kulituandama msimu baada ya msimu. Mnakumbuka. Tuligawa pakiti za chumvi na sukari ya kunywa kwa kila mama, tukarudia maneno yale yale: pakiti moja, lita moja ya maji safi, mpe mtoto kidogo kidogo. Dawa ile ni werevu mtupu. Inawapeleka sukari na chumvi mlangoni wakiwa wameshikana, mlango unafunguka hata utumbo ukiwa mgonjwa, na maji yanawafuata ndani.

Ila msimu ule wa mwisho kulikuwa na kitu kilichonikosesha raha. Baadhi ya watoto walirudi wabaya kuliko walivyotoka, na walikuwa wabaya kwa namna isiyo ya kawaida. Mtoto aliyekauka nimezoea kumwona amelegea. Hawa walikuwa na hasira. Walilia kwa sauti nyembamba, walinyakua kikombe chochote kilichopita, na ukiwafinya ngozi ya tumbo haikusimama kama mkunjo wa nguo; ilikuwa laini na nzito kama unga uliokandwa wa mikate ya kukaanga. Nilikuwa nikitembea kutoka benchi hadi benchi, nikifinya matumbo, mama zao wakinitazama kama mtu aliyepotewa na kitu. Kweli nilikuwa nimepotewa na kitu.

Asubuhi moja akaja Mave, mwanamke wa Djugu aliyeishi kambini na mama mkwe wake. Mgongoni alikuwa na binti yake Lotsove, ambaye alikuwa ameanza kutembea muda mfupi tu kabla ya ugonjwa, na ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Lotsove alikuwa na ile hasira. Alimng'ata mama yake begani. Ngozi yake ilikuwa ule unga wa mikate.

"Dawa umemupa?" nikamwuliza.

"Nimemupa yote, mama. Hata tone moja sikumwanga."

"Maji ulitia ngapi?"

"Lita moja, vile mulisema."

Majibu mazuri, na mtoto anazidi. Nilihisi kama kuwashwa mwili mzima. Nikampa pakiti mpya nikamwambia asinieleze tena, anionyeshe. Mezani kulikuwa na jagi letu lenye mistari. Mave hakulitazama. Akainama kwenye kikapu chake, akatoa chupa kubwa ya bia, iliyooshwa vizuri, akaijaza maji mpaka shingoni, akamimina pakiti, akaziba kwa kiganja, akatikisa. Kazi safi. Akina mama wote kwenye benchi walikuwa wanaitikia kwa kichwa, na mfagiaji wetu pia, aliyesimama na fagio lake mlangoni.

Sisi watu wa Bunia tunanunua mafuta ya mawese kwa chupa ile, mafuta ya taa kwa chupa ile, asali kwa chupa ile. Sokoni ukisema lita, muuzaji anainua chupa ya bia, na hakuna aliyewahi kugombana naye. Nikaichukua chupa ya Mave, nikaimimina yote kwenye jagi. Maji yakasimama karibu na robo tatu. Mave akatazama mstari, akaitazama chupa, akaitingisha kuona kama kuna yaliyobaki.

"Lakini chupa ndjo lita," akasema.

"Hapana, mama. Inakosa robo."

Watoto walikuwa wanakunywa chumvi nzito, siku baada ya siku. Chumvi ikijaa kwenye damu, maji yanatoka ndani ya seli kwenda kuifuata, na seli za mwili mzima zinasinyaa, za ubongo zikiwemo. Ndiyo hasira ile, na kiu ile. Kila kikombe cha dawa kilizidisha kiu, na mama mwema alimpa kikombe kingine. Kadiri alivyokuwa mwangalifu, ndivyo mtoto alivyoharibika.

Mnadhani kujua kulinituliza. Kulinichafua zaidi, kwa sababu sasa nilijua pia kile ambacho singeweza kufanya. Seli za ubongo zilizokaa siku kadhaa katika chumvi zinajilinda. Zinakusanya vitu vyao ndani ili kushika maji yaliyobaki. Ukimpa mtoto huyo maji matupu mengi kwa mara moja, maji yanakimbilia ndani ya seli hizo, ubongo unavimba, na fuvu halipanuki. Mtoto anapigwa na degedege. Nikampigia daktari wa hospitali, akanijibu vile vile: taratibu, dawa iliyochanganywa sawasawa, kijiko kwa kijiko, angalia mkojo, akishtuka tu gari linakuja. Mkojo ndio ungetuambia kama figo bado zinafanya kazi. Lotsove hakuwa amekojoa tangu jana yake.

Nikampa Mave kijiko, nikamwonyesha mwendo. Mtoto akameza, akapiga kelele, akataka kikombe. Nikakiweka kikombe mbali. Ni kazi mbaya, wenzangu, kumnyima maji mtoto mwenye kiu mbele ya mama yake. Mikono yangu yote miwili ilitaka kumpa.

Hapo akafika Koko, ndivyo walivyomwita bibi yake mtoto, mama mkwe wa Mave. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka kambini, na kelele za mjukuu alizisikia tangu barabarani. Akaona kikombe kimejaa juu ya meza na kijiko mdomoni mwa mtoto. Hakunisalimia.

"Maji iko pale. Juu ya nini hamumupe?"

"Koko, tunamupa. Kidogo kidogo."

"Mutoto iko nakufa na kiu, weye unapima na kijiko?" Akakishika kikombe. Nami nikakishika. Tulikuwa wanawake wawili wazima tunavutana kikombe, na maji yakatumwagikia. "Tulikimbia na ye ku mugongo," akasema. "Risasi haikumuuwa. Sasa weye muganga, na kijiko yako, ndjo utamuuwa?"

Nilikuwa na hofu kwamba alikuwa na haki ya kuuliza. Mave alikuwa anatutazama mimi na mama mkwe, na kijiko kimesimama hewani. Nikaona kwamba akimfuata Koko nimempoteza mtoto.

"Koko," nikasema, "unajua kulowanisha maharagi?"

"Unaniuliza maharagi saa hii?"

"Ukijaza chupa na maharagi makavu, utie maji, ufunge na nguvu, inakuwa je?"

Alikuwa mkulima maisha yake yote. "Inavimba," akasema. "Chupa inapasuka."

Nikaweka kiganja changu juu ya kichwa cha mjukuu wake. "Hapa ndani imekauka vile. Na hapa hapafunguke."

Koko akalitazama lile fuvu dogo kwa muda mrefu. Akakiachia kikombe, akaketi sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye mguu wa meza, na kila Mave alipochelewa na kijiko alimgusa goti.

Mimi sikuweza kukaa. Nilikwenda kwenye benchi nikawaomba akina mama wote watoe chupa zao, na karibu kila kikapu kilikuwa nayo. Nikaanza kumimina kwenye jagi mbele yao, moja baada ya nyingine, zote zikasimama pale pale. Jagi tulikuwa nalo moja, na kambini hapakuwa na hata moja, kwa hiyo kuwaambia wapime kwa lita kulikuwa kupiga kelele tu. Mfagiaji ndiye aliyekuwa na chupa ndogo ya sucré, yaani soda, aliyoinunua kwa chakula cha mchana. Nikamwomba ainywe upesi. Tukaongeza chupa ile ndogo ya maji juu ya ile kubwa, na maji yakapita mstari wa lita kidogo tu. Kupita kidogo hakudhuru. Kupungua ndiko kunakoua. Ndiyo maana mpaka leo mnafundisha bia moja na sucré moja, na wageni wanaokuja kututembelea wanadhani tunatangaza kilabu.

Nilirudi kwa Lotsove kila baada ya muda mfupi. Nilitazama macho yake, nilitazama vidole vyake kama vinashtuka, nilikipapasa kitenge kilichokuwa chini yake. Kikavu. Kijiko. Kikavu. Mchana ukapinda, mvua ikapiga bati ikapita. Sauti yake ilishuka, nami nikaogopa kushuka kwenyewe, kwa maana mtoto anaweza kutulia kwa kupona na anaweza kutulia kwa sababu nyingine. Nilimkemea mmoja wenu kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilipanga upya rafu iliyokuwa imepangwa. Niliomba Mungu, kwa Kialur, ambacho ndicho nasali nacho nikishikwa sana.

Mave akaniita kwa jina, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine.

"Mama Giramiya. Nasikia moto hapa."

Alikuwa hajasogea hata kidogo. Akateremsha macho kwenye mapaja yake. Doa lilikuwa linaenea kwenye kitenge, linashuka gotini, na Lotsove amelala juu yake, mdomo wazi, anakoroma. Nilipiga magoti. Nilitaka kuligusa, lakini Koko alinitangulia. Akabandika kiganja chote pale penye maji, akakipeleka puani, akanusa, akafumba macho.

"Ni mukojo," akasema.

Mave akaanza kucheka na machozi yakimtoka. Nikamwambia tumpe nguo kavu abadilishe, akakataa, akasema watu wa kambi nao waone. Koko akanyoosha mkono ule ule, akaushika wangu, akaukaza, akaniita mwanangu. Ninyi mnajua nilivyowatesa miaka yote kwa sabuni na ndoo ya kunawia, mpaka mkaniimba nyuma ya mlango mkidhani sisikii. Siku ile nilisimama katikati ya kituo, mkono wangu umelowa mkojo wa mtoto wa watu, ndoo iko hatua chache kutoka nilipo, na sikuwa na haraka ya kunawa.